Mwalimu wa taaluma na jedwali la NECTA

Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, lilisema halitatangaza tena shule kumi bora wala watahiniwa kumi bora. Naona lilifanya vyema. Orodha ile ilikuwa habari ya shule chache zenye majina makubwa; mzazi wa Lituhi au Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, hakuwa na lake pale. Kilichobaki mtandaoni kina thamani zaidi: kila shule ina ukurasa wake wa matokeo, na chini ya ukurasa huo kuna jedwali la masomo linaloonyesha wangapi waliandikishwa, wangapi walifanya mtihani, wangapi walifaulu, na GPA ya kila somo.

Jedwali hilo ndilo linalomfaa mwalimu wa taaluma wa shule ya mwambao. Shida ni kwamba kila shule iko kivyake. Akitaka kujua hisabati inakwendaje katika shule zote za Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga, tena kwa miaka kadhaa, inambidi afungue ukurasa mmoja mmoja na kunakili kwa kalamu. Wengine husubiri ripoti ya halmashauri, au humtafuta kijana wa steshenari Mbinga mjini awasaidie.

Kazi hiyo anaiweza mwenyewe. Ukurasa wa mtandaoni, hata uwe na rangi na picha kiasi gani, ni maandishi yaliyofungwa ndani ya alama: jedwali lina alama yake, kila mstari una yake, kila kisanduku kina yake. Fungua ukurasa wa shule kwenye kompyuta kwa Chrome, Firefox au Edge. Weka mshale juu ya GPA ya hisabati, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua Inspect. Pembeni yatatokea maandishi ya ndani ya ukurasa, na ukipitisha mshale juu ya mstari wowote wa maandishi hayo, sehemu inayohusika kwenye ukurasa inabadilika rangi. Hapo unaona kwa macho namba yako imekaa katika jedwali la ngapi. Firebug ya Joe Hewitt, iliyotoka mwaka 2006 kwa watumiaji wa Firefox, ndiyo iliyoeneza ukaguzi wa namna hii. Leo umo ndani ya vivinjari vyote vikubwa vya kompyuta.

Baada ya kukagua, kunafuata kuchota namba zenyewe. Katika Google Sheets, andika alama ya sawasawa na neno IMPORTHTML, halafu ndani ya mabano weka anwani ya ukurasa na neno table, kila kimoja ndani ya alama za nukuu, kisha namba ya jedwali uliyoiona. Jedwali zima linashuka kwenye karatasi yako, kila namba katika kisanduku chake. Fomula ikileta jedwali jingine, badili namba. Anayependa kubofya kuliko kuandika atatumia kiongezi cha Chrome kiitwacho Web Scraper: unabofya mstari wa kwanza, unabofya wa pili, nacho kinatambua iliyobaki.

Mahali pa kuwa makini ni jedwali la watahiniwa. Masomo yote ya mtahiniwa mmoja yamesongamana katika kisanduku kimoja, CIV, HIST, GEO na mengine, kila moja na daraja lake, kwa hiyo lazima uyatenganishe kwa SPLIT kabla ya kuhesabu chochote. Pia GPA ya NECTA husomwa kinyume na wengi wanavyodhani: A ni 1 na F ni 5, hivyo iliyo ndogo ndiyo nzuri. Nasisitiza hili kwa sababu anayepanga namba kwa haraka anaweza kuipeleka shule iliyofanya vizuri mkiani, mbele ya wazazi, kwenye kikao cha wadau wa elimu.

Kuna mipaka pia. Kurasa za darasa la saba zimewahi kubeba majina ya watoto, na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotumika. Chota somo na shule. Jina la mtoto liache lilipo. Wala usichote siku matokeo yanapotoka, wakati nchi nzima inagombania tovuti hiyo hiyo.

Katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa kule Umatengo, Mbinga, naye anaweza kufuatilia hivyo hivyo bei ya arabika ya New York, ambayo Februari 2025 ilivuka dola 4 kwa ratili, alimradi ipo kwenye jedwali la ukurasa wa wazi. Bei ikitolewa kwa faili la PDF, ipo programu ya bure ya Tabula: unazungushia jedwali kwa kipanya, inakutolea safu zake.

Ombi langu kwa Baraza ni moja: pamoja na kurasa za shule, liweke faili moja la kila halmashauri, lenye masomo na GPA bila majina, ambalo mwalimu wa Mbamba Bay atalipakua kwa simu. Kukagua na kuchota kunahitaji kompyuta, na kompyuta ya shule mara nyingi ni moja, iko ofisini kwa mkuu.