Rangi ya sebule: usikimbilie ndoo, anza na kochi

Wadau, sikukuu zikikaribia mafundi rangi hawashikiki. Kila mtu anataka sebule ing'ae kabla wageni hawajaingia. Tatizo wengi tunaanzia dukani: unachagua kwenye kikadi kidogo, unabeba ndoo ya lita 20, halafu ukutani kinatoka kitu kingine kabisa. Kurudia ni hela, na hela zenyewe mnazijua zilivyo. Mwezi huu watu watatu wameniuliza swali lile lile: sebule iwe na joto, lakini isifanane na baa, unafanyaje?

Kwanza, angalia ulichonacho. Kochi hubadilishi kila mwaka, ukuta unaweza. Kama kochi ni damu ya mzee na meza ni ya mninga, rangi za joto tayari unazo. Ukutani tafuta ndugu zao walio wepesi zaidi: maziwa, mchanga, au chai ya maziwa.

Pili, gawa 60, 30, 10. Asilimia 60 ni ukuta, rangi iliyotulia. 30 ni kochi, pazia na zulia, rangi iliyokolea kiasi. 10 ni mito, kitambaa cha meza na picha, na hapo ndipo uweke bizari, chungwa au nyekundu ya udongo. Ukipaka chungwa kali kuta zote nne, ndio hiyo baa sasa.

Tatu, panga tabaka. Joto la chumba haliletwi na rangi peke yake, linaletwa pia na vitu vyenye mguso tofauti. Ukuta laini, mkeka wa ukindu chini, pazia zito, mito ya khanga, kikapu pembeni. Vyote vinaweza kuwa vya ukoo mmoja wa kahawia na bado jicho lisichoke. Mimi ni mpangaji, na mwenye nyumba hataki ukuta uguswe. Nimeuacha vile vile, joto lote nimelipata kwenye ile 30 na ile 10. Nikihama, nahama nalo!

Nne, taa. Hapa ndipo wengi wanaliwa. Soma boksi la balbu: 6500K ni mwanga mweupe wenye ubluu, na chini yake rangi za joto zinapauka. Tafuta 2700K hadi 3000K. Na kama dirisha linatazama magharibi, jua la jioni litaongeza uchungwa lenyewe, kwa hiyo shuka kidogo kwenye ukali wa rangi. Nunua kopo dogo kabisa, paka kipande cha nusu mita kwa nusu mita, kiache kikauke (rangi ya maji mara nyingi hukolea ikikauka), kisha kitazame asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka. Ukiridhika mara zote tatu, nenda dukani.

Tano, piga hesabu kabla fundi hajakupigia yeye. Chumba cha mita 4 kwa 4, urefu wa ukuta mita 3, kina mita za mraba 48. Toa kama 6 za mlango na madirisha, zinabaki 42. Mikono miwili ni 84. Kwenye ukuta laini lita moja hufunika takriban mita 10, kwa hiyo unahitaji lita 8 na kidogo: makopo mawili ya lita 4 na moja la lita 1. Ile ndoo ya 20 ya nini, jamani?

La mwisho, na hili si la urembo. Rangi nyingi za mafuta za zamani, hasa njano, chungwa na nyekundu, zilitiwa madini ya risasi. Vumbi lake linaharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Nyumba ikiwa ya zamani, fundi asikwangue kavu. Alowanishe ukuta, watoto na wajawazito wakae mbali mpaka pafutwe kwa kitambaa kibichi. Na unaponunua mpya, hakikisha kopo limeandikwa kwamba halina risasi.

Haya, mafundi na wenye uzoefu, mwageni maoni hapo chini. Hasa nyie wenye sebule zisizo na dirisha la maana, mnatumia rangi gani?