Kubadili mashine ya CNC ya kujitengenezea: Hasara iko kwenye siku za kusimama

Na Mwandishi Wetu

MWENYE karakana ya samani aliyejiundia mwenyewe mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, maarufu kama CNC, siku hizi anakabiliwa na swali ambalo wenye mabasi na wenye mashine za kusaga wanalifahamu siku nyingi: je, abaki na chombo alichokizoea, au akifumue akijenge upya kufuata muundo uliotoka karibuni?

Kabla ya kuendelea, msomaji ajue kuwa mwandishi wa makala haya ana fungu dogo katika karakana moja ya Keko, Dar es Salaam, iliyofanya mabadiliko hayo. Kwa hiyo yaliyomo humu si ya kusimuliwa tu. Mengine yalitoka mfukoni.

Mashine inayozungumziwa ni LowRider, ambayo michoro yake hutolewa na V1 Engineering, kampuni ndogo ya California, Marekani. Mjenzi hununua mota, mikanda, beringi na bodi ya kielektroniki, huchapa vishikio vya plastiki kwa printa ya 3D, na bomba za chuma huzipata popote alipo. Sifa yake kubwa kibiashara ni kwamba inaweza kumeza shiti nzima ya MDF au plaiwudi ya futi 4 kwa 8 bila kuwa na fremu nzito ya chuma. Daraja moja linalobeba rauta hutambaa juu ya meza, na daraja hilo lote huinuka na kushuka kwa skrubu mbili za pembeni. Mota zote ni 5 tu. Mtu mwenye mtaji mdogo akitazama bei ya mashine ya kiwandani ya ukubwa huo, anaelewa haraka kwa nini wengi walianzia hapa.

Tatizo ni kwamba muundo hausimami. Toleo la tatu lilitoka mwaka 2022, na la nne likafuata mwaka 2024. Aliyejenga toleo la pili akatulia, leo yuko nyuma kwa hatua mbili.

Sisi tulitoka la pili kwenda la tatu. Kilichobadilika hasa ni ugumu wa daraja. Katika toleo jipya bomba za daraja zimefungwa pamoja kwa vibao vilivyopangwa mfululizo, zikawa kama sanduku refu, hivyo rauta ikisukuma mbao daraja halijipindi ovyo. Kupanda na kushuka sasa kunafanyika kwenye reli fupi za chuma badala ya bomba. Kwa mteja wa milango ya kabati maana yake ni kwamba ukingo unatoka safi, na kijana hashindi na msasa mkononi.

Vitu vya gharama havikutupwa. Mota zilirudi kazini, rauta ilirudi, skrubu zilirudi, na meza ilibaki palepale. Kilichokwenda jalalani ni plastiki ya zamani na baadhi ya bolti. Kwenye karatasi, basi, kubadili ni jambo rahisi, na ndivyo nilivyowaeleza wenzangu tulipokaa kupitisha fedha. Nilikosea, kwa sababu hesabu yangu ilikuwa ya vifaa tu.

Vile vibao vya daraja pamoja na sahani za pembeni lazima vikatwe kwa vipimo sahihi kabisa. Vinauzwa vimeshakatwa, lakini njia ya nafuu ni kuvikata mwenyewe kwa CNC, na hapo ndipo tulipoumia. Siku ya Jumamosi tulifumua mashine yote kwa furaha, tukapanga mota kwenye ndoo, kisha fundi akauliza: vibao tunavikata kwa nini? Mashine pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa kwenye ndoo. Tulikwenda kuomba kwenye karakana nyingine yenye mashine ya kiwandani. Wakatupokea vizuri, lakini wakatupanga nyuma ya wateja wao, kama ilivyo haki yao. Tulikaa siku 9 bila kukata ubao hata mmoja. Mteja mmoja wa kabati za jikoni alikuja kuchukua malipo yake ya awali, akaondoka nayo bila ugomvi. Hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

Kwa hiyo utaratibu wenye faida ni kinyume cha tulivyofanya. Mashine ya zamani, hata kama inayumba, ndiyo ikate sehemu za mpya, na ikate seti mbili kwa tahadhari. Plastiki zote zichapwe mapema. Printa moja itachukua siku kadhaa, na hakuna sababu karakana isimame kuisubiri. Nyaya ziwekwe alama. Ndipo spana iguswe.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Karakana inayobakiwa na 45,000/- kwa siku baada ya kulipa mbao, umeme na vijana, ikisimama siku 4 inapoteza 180,000/-. Ikisimama siku 15 inapoteza 675,000/-, na vifaa ni vilevile. Mwekezaji anayeombwa fedha za kubadili mashine asiulize kwanza bei ya reli. Aulize ni siku ngapi mashine haitakata, na nani ameahidiwa kazi ndani ya siku hizo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa vifaa hawalitangazi sana. Sehemu ya faida tunayoitafuta kwenye muundo mpya inapatikana bila kufumua daraja. Mashine nyingi za zamani zimefungwa mota mbili za pande mbili kwenye waya mmoja, kwa hiyo upande mmoja ukiteleza kidogo daraja linakaa mshazari, na mlango unatoka na pembe isiyo ya nyuzi 90. Ukitenganisha mota hizo, kila moja ikawa na njia yake kwenye bodi na swichi yake ya kikomo, mashine hujinyoosha yenyewe kila inapowashwa na kurudishwa kwenye swichi. Hata bodi ya zamani ya RAMPS 1.4 ina nafasi 5 za kuendeshea mota, ambazo ndizo zinazohitajika. Faida ya ziada kwa mazingira yetu ni umeme: ukikatika katikati ya kazi mashine hupoteza mahali ilipokuwa, lakini yenye swichi inaweza kurudi kwenye sifuri yake na shiti ikaokolewa.

Ushauri wangu ni kuanza na swichi. Pima shiti kwa mshazari, kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikilingana na bado ukingo una mawimbi, hapo ndipo daraja lenyewe ni legevu na fedha za muundo mpya zina kazi ya kufanya.

Anayeagiza vifaa kutoka nje aangalie mitego miwili. Wa kwanza ni rauta. Makita RT0701C ni ya soko la Marekani na hutumia volti 120. Ya umeme wetu ni RT0700C. Herufi zinafanana, na aliyekosea atanunua transfoma au atanunua rauta nyingine. Wa pili ni bomba. Faili za kuchapa huchaguliwa kwa kipenyo cha nje. MPCNC, ndugu mdogo wa LowRider, katika toleo lake la Primo la mwaka 2020 ilitolewa kwa vipimo vitatu: milimita 23.5, 25 na 25.4. Dukani bomba huitwa kwa jina la inchi ambalo mara nyingi si kipenyo chake halisi, kwa hiyo nenda na kipimo chako mkononi. Usidhani pia kuwa bomba za toleo la zamani zitaingia kwenye jipya.

Plastiki nayo ina tabia yake. PLA huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hivi. Chini ya bati la Keko mwezi Februari, mashine iliyo kivulini ni salama, lakini vishikio vilivyosahauliwa ndani ya gari lililofungwa juani tuliviona vimepinda kabla havijafungwa popote.

Kwa anayewaza kuchapa vishikio na kuviuza kwa wenzake, asome leseni kwanza. Michoro ya MPCNC ilitolewa kwa masharti ya Creative Commons yasiyoruhusu matumizi ya kibiashara ya michoro yenyewe. Kuuza milango uliyokata ni jambo moja, kuuza sehemu za mashine ni jingine linalohitaji makubaliano na mwenyewe.

Katika karakana yetu milango sasa inatoka na pembe sawa, na yule mteja wa jikoni hajarudi. Vijana wameshaanza kuulizia toleo la nne. Tumekubaliana kwamba vibao vyake vitakatwa vyote na kuwekwa kabatini, na mashine haitafunguliwa bolti hata moja hadi daftari la oda liwe na wiki iliyo wazi.