Ngazi ya Mwalimu Mwanamke: Kutoka Darasani Kisiba Hadi Ofisi ya Elimu Tukuyu

Hakuna sheria wala waraka katika Tanzania umkatazao mwanamke kushika uongozi wa elimu, tangu ule wa shule moja hadi ule wa wizara nzima; na ushahidi wa jambo hilo u wazi, kwa kuwa Bibi Margaret Sitta, aliyekuwa mwalimu na kiongozi mkuu wa Chama cha Walimu, alikabidhiwa Wizara ya Elimu mwaka 2006, na Profesa Joyce Ndalichako, aliyepata kuliongoza Baraza la Mitihani, akaishika wizara hiyo tangu mwishoni mwa 2015 hadi mwanzoni mwa 2022. Walakini, yapata nusu ya walimu wa shule za msingi nchini ni wanawake, ilhali katika viti vya walimu wakuu, vya maafisa elimu kata na vya wakuu wa elimu wa wilaya fungu lao ni dogo kuliko hilo kwa mbali. Muradi wa makala haya ni kueleza kwa nini kileleni pamefunguka na katikati pamebana. Na rai yangu ni kwamba sababu yake haipatikani Dodoma, bali katani, ndani ya miaka kumi ya kwanza ya utumishi wa mwalimu.

Yafaa kwanza tuitazame ngazi yenyewe. Mwalimu aliyehitimu, tuseme, Chuo cha Ualimu cha Mpuguso au cha Tukuyu, vyote viwili vikiwa katika wilaya ya Rungwe, akapangiwa shule mojawapo ya kata ya Kisiba, huanza kwa kushika darasa na zamu. Kisha huweza kuwa mwalimu wa taaluma, kisha mwalimu mkuu msaidizi, kisha mwalimu mkuu, kisha afisa elimu kata, na kutoka hapo, akijaliwa, huingia ofisi za halmashauri huko Tukuyu, makao makuu ya wilaya, katika dawati la taaluma au la takwimu, hata siku moja akaongoza elimu ya msingi ya wilaya nzima. Kando ya ngazi hii ya vyeo iko ngazi ya pili, ya madaraja ya mshahara, ambayo husimamiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Na hiyo, madhali hupandwa kwa miaka na kwa utendaji, haimbagui mtu. Cheo ni jambo jingine. Mwalimu mkuu huteuliwa na mkurugenzi wa halmashauri, naye mkurugenzi hawezi kuwajua walimu wote wa wilaya. Hutegemea majina yaliyopendekezwa kutoka chini, na jina hupendekezwa na mtu akujuaye.

Basi swali huwa: mwalimu hujulikana kwa kazi gani? Aghalabu hujulikana kwa taaluma. Mwalimu wa taaluma ndiye apangaye ratiba ya vipindi, ndiye akaguaye maazimio ya kazi na maandalio ya masomo ya wenzake, ndiye akusanyaye alama za majaribio ya darasa la saba na kuzipeleka katani. Na siku mwalimu mkuu aitwapo Tukuyu kwa kikao, mara nyingi ndiye akaimuye, akapokea wageni, akatia sahihi, akasimama mbele ya kamati ya shule. Lakini mwalimu mwanamke kijana, akiripoti shuleni, mara nyingi hupewa darasa la kwanza, au malezi ya wasichana, au usimamizi wa chakula na afya. Hizi ni kazi za heshima, na asiyejua uzito wa kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza kusoma, kuandika na kuhesabu hajui elimu ni nini. Ila hazimo katika taarifa ipelekwayo juu, wala hazimfikishi mwenyewe katika kikao cha kata. Miaka hupita, naye akawa hodari asiye na kumbukumbu ya maandishi, ilhali mwenzake aliyeanza naye ana faili nene. Siku ya kupendekeza majina ifikapo, watu husema kwa nia njema kabisa kwamba huyu ana uzoefu na yule hana, wakasahau kuwa uzoefu huo waliugawa wao.

Mgao huo wa kazi, ambao ndio kizuizi cha kwanza, una asili ya mbali. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi Unyakyusa, yaani nchi hii ya Rungwe, pamoja na mumewe katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu juu ya vijiji vya marika mwaka 1951, alieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyojenga kijiji chao wenyewe, wakakua pamoja, wakaoa na kuwaleta wake zao humo, na jinsi uongozi wa nchi ulivyokabidhiwa kutoka kizazi cha baba hadi kizazi cha wana kwa sherehe kubwa. Katika mpango huo mwanamume aliishi maisha yake yote kati ya watu waliomfahamu tangu utoto, na mwanamke aliingia kijijini kwa jina la mume. Misheni ya Wamoravian iliyofika Rungwe mwaka 1891, na ile ya Berlin iliyoanza wakati huo huo, zilileta shule. Lakini mwalimu wao alikuwa pia mhubiri wa mtaa, na mhubiri alikuwa mwanamume. Vijiji vya marika vimekwisha kutoweka, na Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote, likawaingiza wasichana wengi katika ualimu. Hata hivyo desturi ya kumjua kiongozi kwa kukaa naye barazani jioni imebaki, na mwanamke mwenye chungu jikoni na mtoto mgongoni hayupo barazani saa zile.

Kizuizi cha pili ni uhamisho. Taratibu za utumishi zinaruhusu mtumishi kuhama kwa kufuata mwenza wake, nayo ni ruhusa yenye huruma, kwa sababu ndoa iliyotenganishwa na mamia ya maili si ndoa yenye raha. Ajabu ni kwamba mwendo wake huelekea upande mmoja: mume akihamishiwa Songea au Sumbawanga, mke mwalimu huomba kumfuata, akaacha cheo alichokwisha kukipata, maana cheo cha shule hakifungwi mzigoni; afikapo huko huwa mgeni, akaanza tena kwa darasa na zamu. Mke akiteuliwa kuwa mwalimu mkuu katika kijiji cha mbali, ukoo mzima hukaa kikao kuuliza watoto watalelewa na nani. Wako wanawake waliokataa uteuzi, na jirani wakasema ni woga. Lakini anayejua kuwa posho ya madaraka ya mwalimu mkuu iliwekwa kuwa shilingi 200,000 kwa mwezi, na akapiga hesabu ya chumba cha kupanga, mtumishi wa nyumbani na nauli ya kila Ijumaa, ataona kuwa aliyekataa hakuogopa bali alihesabu.

Kizuizi cha tatu kimo ndani ya vifaa vya kazi vyenyewe. Mwaka 2018 Serikali iligawa pikipiki zaidi ya 2,800 kwa waratibu wa elimu wa kata, ambao leo huitwa maafisa elimu kata, ili wazifikie shule zao bila taabu. Na jambo hilo lilikuwa jema. Lakini Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na njia za udongo zinazoteremka kuelekea Masoko na Kisiba, zikilowa, huteleza hata kwa mtembea kwa miguu. Kijana wa kiume wa huku aghalabu amejifunza pikipiki ujanani kwa rafiki mwenye bodaboda, akaanguka na kucheka na kuinuka mbele ya wenziwe. Mwanamke wa umri wa miaka arobaini, aliyelelewa akiambiwa kuwa chombo hicho hukaliwa upande, hupewa ufunguo na siku hiyo ndiyo ya kwanza. Wapo wanaokiendesha kwa ustadi, na wanafunzi huwapigia makofi wapitapo. Hoja si uwezo: cheo kiliundwa kwa mfano wa mtu fulani, na asiyefanana naye hulipa gharama ya ziada kabla ya kuanza kazi.

Hali hii si ya Rungwe peke yake wala si ya nchi maskini peke yake. Mji wa Chicago, Marekani, ulimpata mwanamke wa kwanza kuongoza shule zake zote, Ella Flagg Young, mwaka 1909; na bado, zaidi ya karne moja baadaye, wanawake ambao ni yapata robo tatu ya walimu wa Marekani walikuwa takriban robo tu ya wakuu wa elimu wa wilaya. Miongoni mwao, wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico na nchi nyingine zisemazo Kihispania ni wachache mno, ingawa watoto wa jamii zao ni zaidi ya robo ya wanafunzi wote. Wataalamu wa huko husema maneno ambayo mwalimu wa Kisiba angeyatambua: kwamba wanaume hupandia kwenye ukuu wa sekondari na ofisi za fedha, na wanawake hubaki katika shule za watoto wadogo; kwamba wajumbe wa bodi za elimu humtafuta mtu wanayemfahamu; na kwamba binti aliyelelewa kuutanguliza ukoo huona vigumu kuuacha mji wa wazee wake.

Lakini ngazi hupandika, ikiwa kila daraja linamwandaa mpandaji kwa lile lifuatalo. Bibi Gertrude Mongella, kabla ya kuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, alifundisha katika chuo cha ualimu cha Chang'ombe, akashughulikia mitaala, akawa mkaguzi wa shule. Basi alipoingia katika mambo makubwa alikuwa amekwisha kuzoea kuongoza, kukagua na kuhojiwa.

Tufanye nini, basi? Mafunzo yapo: Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, wenye makao yake Bagamoyo, una tawi Mbeya, si mbali na Tukuyu, na mwalimu aweza kusomea huko stashahada ya uongozi, ila mafunzo humfaa aliyepewa nafasi ya kuyatumia. Kwa hiyo ningeshauri utaalamu wa malezi uhesabiwe katika sifa za uongozi sawasawa na taaluma. Cheo cha mwalimu mkuu anayemfuata mwenza kizingatiwe kule aendako. Mafunzo ya pikipiki yatolewe kabla ya ufunguo. Na wanaume wa nyumba zetu wakubali kwamba siku nyingine ni zamu yao kuhama.

Fauka ya hayo yote, liko jambo moja ambalo halmashauri yoyote yaweza kulifanya mwaka huu bila kuomba bajeti: kila shule, mwezi wa Disemba, ipeleke katani orodha ya mwalimu aliyeshika taaluma, ya waliokaimu ukuu na kwa siku ngapi, na ya waliohudhuria vikao vya kata, na jinsi ya kila mmoja iandikwe. Afisa elimu akiziweka orodha hizo mezani na kuona kwamba shule moja haijamkaimisha mwanamke hata mara moja kwa miaka mitatu, atakuwa na swali la haki la kumwuliza mwalimu mkuu. Na swali hilo, likiulizwa mapema, laweza kubadili sura ya ofisi ya elimu ya wilaya kuliko hotuba nyingi za tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani.