Upepo wa Kusi na Hatari ya Moto

Ndugu mkulima, tangu mwezi wa Juni upepo wa kusi huvuma kwa nguvu. Watu wa pwani, toka Mtwara hata Tanga, huufurahia, kwa kuwa watoka katika bahari ya kusini iliyo na baridi wakati huo, nao hupunguza joto. Lakini wewe ukaaye bara, Dodoma au Singida, jihadhari nao. Upandapo milima ya Uluguru na Nguru, huacha unyevu wake mwingi upande wa mashariki. Ukifika kwako umekwisha kuwa mkavu. Hukausha majani, hata ifikapo Agosti mpaka Oktoba, jua likizidi, cheche moja yatosha kuteketeza malisho, ghala ya mtama na nyumba ya nyasi.

Basi fanya hivi. Mwezi wa Juni fyeka ukanda wa hatua kumi kuzunguka nyumba na ghala, ukaupalilie mpaka udongo uonekane. Anza upande wa kusini-mashariki, kwa kuwa ndiko upepo utokako, na moto hufuata upepo. Majani uliyofyeka usiyachome. Yapeleke mbali, uyatandaze shambani yahifadhi udongo. Makaa ya jikoni yamwagie maji kabla ya kuyatupa. Wala usiwashe moto porini mchana, upepo unapozidi.

Mwambie na jirani yako afanye vivyo hivyo, maana moto haujui mpaka wa shamba.