Kabla ya kununua ng'ombe wa uani, tafuta kibali
Maziwa ya ng'ombe mmoja uani yanaweza kumlipia mtoto ada. Lakini kwa asiye na kibali, lalamiko moja la jirani kuhusu harufu au inzi linatosha kumleta bwana afya mlangoni, na mtaji wa familia ukapotea.

Nchini Tanzania, kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zilitaka mifugo ifugwe bandani, ng'ombe wasizidi wanne kwa mfugaji.

Mzazi aanzie ofisi ya mtaa, kisha amwone ofisa mifugo wa kata kujua banda likae wapi na samadi itupwe wapi. Jirani naye aambiwe mapema.

Kibali kikipatikana, maziwa yachemshwe kwanza. Mabichi huweza kumwambukiza mtoto brusela.