Vidonge vya vitamini D na chokaa: Nani anavihitaji Katavi?

MKAZI wa Mpanda anayeingia duka la dawa kununua vidonge vya vitamini D huenda analipia kitu ambacho jua humpatia bure.

Mji huo, makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, uko takriban nyuzi sita kusini mwa Ikweta. Jua lake lina nguvu mwaka mzima, na ngozi inayopigwa na mwanga huo hutengeneza vitamini D yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Wamasai na Wahadzabe ulikuta wastani wa nanomoli 115 katika lita moja ya damu, ilhali 50 zinatosha kwa mifupa.

Mtu mzima anahitaji yuniti 600 kwa siku, au 800 akishavuka miaka 70. Hapaswi kuzidisha 4,000 bila usimamizi wa daktari. Wanaoweza kupungukiwa ni wazee wasiotoka ndani na wanaojifunika mwili wote.

Madini ya chokaa, yaani kalsiamu, ni suala jingine, kwani jua haliyatengenezi. Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 kwa siku, na mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji 1,200. Ugali wa mahindi una chokaa kidogo mno. Kikombe cha maziwa kina takriban miligramu 300, na dagaa wa Ziwa Tanganyika, wanaoliwa pamoja na mifupa yao, ni chanzo bora kuliko vidonge vingi vya dukani.

Wenye haja ya kweli ya vidonge ni wajawazito. Pale chakula kinapokosa chokaa, Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa siku ili kuzuia kifafa cha mimba. Kiasi hicho ni vidonge vitatu au zaidi, mzigo mkubwa kwa mama na kwa zahanati.

Utafiti uliotolewa Januari 2024, ulioshirikisha wajawazito 11,000 wa Dar es Salaam na wengine 11,000 wa India, ulionyesha kuwa miligramu 500 hazikuzidiwa na 1,500 katika kuzuia dalili za kifafa hicho. Kuhusu watoto njiti, majibu ya Tanzania hayakuwa ya uhakika.

Vidonge vya chokaa visimezwe pamoja na vya kuongeza damu, kwa kuwa chokaa huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Kimoja kinaweza kumezwa asubuhi, kingine jioni.