Sisimizi Bafuni: Dawa ya Chupa ya Soda Tuiache

Kila mvua zikianza, akina mama wa Kibera na Kawangware hutuuliza swali lile lile: hawa sisimizi wa bafuni tuwafanyeje? Unaingia kuoga, unawakuta wamejipanga ukutani, wengine wako kwenye sabuni, wengine kwenye taulo. Basi mchuuzi akipita na dawa yake ya mende, panya na kunguni, watu wanamwita.

Hapo ndipo penye hatari. Dawa hiyo imetiwa kwenye chupa ya soda au kufungwa kwa karatasi, haina jina wala maelezo. Bafu la ploti ni la familia nyingi, na watoto huingia humo miguu mitupu. Mtoto akiona chupa ya soda, yeye anajua ni soda tu. Dawa halali iko kwenye pakiti yake iliyofungwa, na ina nambari ya usajili ya ile bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu chini ya sheria ya 1982. Mafuta ya taa nayo tusimwage. Nyumba zetu zimebanana, na moto tunaujua.

Tena ukinyunyiza unaua wale unaowaona tu. Malkia yuko shimoni chini ya sakafu, anataga mayai. Sisimizi akipata chakula hurudi akiacha harufu njiani, na wenzake huifuata. Ndiyo maana hupita mstari mmoja kama wanafunzi. Ukiwafagia bila kuosha, kesho wamerudi.

Kwa hivyo msiwaue upesi. Watazameni kwanza mjue wanatokea ufa gani. Kisha osheni njia yao yote kwa maji ya sabuni ya unga, ile harufu iishe. Ufa uzibwe kwa simiti kidogo. Kama hakuna, shindilieni sabuni iliyolainika, itawazuia siku chache. Shimo likionekana nje, maji yanayochemka husaidia, lakini amwage mtu mzima, na pengine mara kadhaa.

Kilichowaleta ni maji na uchafu. Bafu nyingi ndizo pia mahali pa kuoshea vyombo, kwa hivyo mafuta ya sufuria na punje za ugali hubaki kwenye mtaro. Wapangaji wapange zamu ya kuusugua. Sakafu iliyopasuka ni kazi ya mwenye nyumba, nanyi mwendeeni pamoja. Mmoja peke yake hasikilizwi.

Siafu ni mambo mengine. Hao ni wapita njia. Ondoeni mtoto mchanga na kuku, waacheni wapite.

Na mtoto akinywa dawa au mafuta ya taa, msimtapishe wala msimpe maziwa. Mkimbizeni hospitali, pamoja na ile chupa ili daktari aione. Kwa watu wa Kibera, Mbagathi iko karibu.